Mpaka

Ghorofa ya pili, juu ya duka la mabomba,
Barabara ya Mawenzi, Moshi,
naandika mwongozo wa kusomwa na asiye na macho.

Si kipofu. Kipofu ana vidole,
ana shingo ya kugeuka kijiko kikidondoka.
Huyu ni wakala, akili mnemba tuliyoikodi,
atafungua kivinjari badala ya mtu,
atajaza fomu, atabofya, atafunga,
na yote ayajuayo kuhusu mlango
ni maneno yangu kuhusu mlango.

Ndekirwa ndiye aliyeviunda vifaa.
Alinionyesha kimoja kimoja, kama fundi saa:
hiki hufungua ukurasa, hiki huandika,
hiki hushuka chini, hiki husubiri.
"Maelezo utayaweka wewe," akasema,
"mimi Kiswahili changu ni cha kuombea chumvi,"
naye mzaliwa wa Kibororoni.

Nikaandika: Bofya kitufe cha kijani.
Nikafuta. Kijani ni nini kwa asiyeona?
Nikaandika: Tafuta kitufe chenye neno Tuma.
Nikanywa chai, ikapoa, nikainywa hivyo hivyo.
Nikaandika: Bofya mpaka kikubali.

Hapo ndipo.

Tulijaribia kwenye fomu ya miche ya kahawa,
ombi moja, miche ishirini, jina la shangazi yangu
Anasiria wa Uru. Mwenyewe alikuwa ameniomba,
simu yake ina ufa, herufi nusu hazishikiki.
Siku ile mtandao ulikuwa unavuta miguu.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka.
Mtu angeguna, angeinuka, angechungulia dirishani.
Wakala akabofya.
Akabofya.
Hakuchoka, hakununa, hakuona haya,
alinitii mimi, neno kwa neno,
mara thelathini na saba.

Alhamisi lori la kitalu likapanda Uru
na miche mia saba na arobaini.
Shangazi akapiga simu, hata salamu hakuna:
"Wewe, kihamba changu ni wilaya?"

Nilitafuta kosa kwa Ndekirwa, kwa furaha fulani, nakiri.
Nikasoma kumbukumbu za mashine, saa, dakika, sekunde.
Kosa lilikuwa na mwandiko wangu.
Mpaka.
Kule kwetu mpaka hupandwa masale,
ujue hapa pangu, pale pako,
hata ukija usiku umelewa mbege.
Mimi niliandika mpaka usio na mpaka,
nikaenda kula.

Jumamosi nikapanda Uru na jani la sale mkononi,
lile lile la mpakani, ndilo la kuombea msamaha.
Shangazi alilipokea, akalitazama pande zote mbili
kana kwamba nyuma kuna maelezo ya ziada.
Akaniambia nishike jembe.

Jumatatu nimeandika upya:
Bofya mara moja.
Hesabu sekunde thelathini.
Utazame ukurasa tena kabla ya kuamini ulichokumbuka.
Kiduara kikizunguka, ni kazi inaendelea, si dharau.
Usipoona jibu, usiseme jibu halipo.
Rudi, uulize mtu.

Huo wa kabla ya mwisho niliuokota dirishani.
Wiki ya tatu sasa Kibo hakijaonekana,
wingu limekaa tu, limekunja nne,
na mji mzima unauza nyanya, unafunga ndoa,
hakuna aliyeandika kwamba mlima umefutwa.

Miche mingine imegawiwa majirani.
Arobaini iko kwenye ngazi za ofisi, ndani ya viriba,
wateja wa mabomba wanairuka.
Ndekirwa huimwagilia kwa birika la chai
kila jioni kabla ya kuzima taa.
Jana aliniuliza, mpaka lini.

Sehemu hiyo bado sijaiandika.